Jinsi ya Kurekodi Sinthesaiza Ikaenda Sambamba na Mapigo

Anayetengeneza muziki ndani ya kompyuta peke yake hana haja ya kujiuliza kama kiki (ngoma nzito ya chini) na besi zinaanza pamoja, kwa kuwa programu ndiyo inayozihesabu zote mbili, sampuli kwa sampuli, yaani kwa vipande vidogo kabisa ambamo sauti hugawanywa. Mambo hubadilika anapounganisha sinthesaiza halisi yenye nyaya, vitufe na sikwensa yake ya ndani, yaani sehemu inayopanga na kupiga noti yenyewe: besi huanza kuburura, haihati (matoazi ya ngoma) hukimbia mbele, na akikuza wimbi la sauti kwenye skrini hukuta noti zimeanza kando ya mstari wa pigo, tena kila moja kwa umbali wake. Hapo wengi hukimbilia kununua kadi ya sauti mpya, au hukesha wakisogeza noti moja moja, ilhali hawajajua wanapambana na kitu gani.

Kuna makosa mawili ambayo masikioni hufanana, lakini dawa zake hazifanani hata kidogo. La kwanza ni uchelewaji: kila noti inachelewa kwa kiasi kilekile, tuseme milisekunde 9, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. La pili ni myumbo: noti moja inachelewa milisekunde 4, inayofuata 11, ya tatu 7, bila utaratibu wowote. Uchelewaji usiobadilika si tatizo kubwa, kwa sababu ukishaupima unaisogeza traki nzima mara moja na kazi imekwisha. Myumbo ndio unaovunja mdundo, na hakuna namba moja inayoweza kuuondoa. Kwa hiyo hatua zote zinazoelezwa hapa zina shabaha moja, ambayo ni kupanga vifaa ili myumbo ubaki mdogo kadiri iwezekanavyo, kisha kuupima uchelewaji uliosalia na kuufuta.

Muda unakopotelea

Fuata safari ya noti moja. Programu huituma kupitia mlango wa MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki hupeana maagizo. Sinthesaiza huipokea, huisoma na kutoa sauti. Sauti hupita kwenye waya hadi kwenye kadi ya sauti, hugeuzwa kuwa namba, hukusanywa kwenye bafa, yaani ghala la muda la sampuli, na ndipo programu huiandika kwenye traki. Kila kituo kinachukua kipande chake cha muda.

MIDI, iliyoonyeshwa hadharani mwaka 1983 kwa kuunganisha sinthesaiza mbili, Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland, hupitisha biti 31,250 kwa sekunde kwenye waya wake wa pini tano. Kila baiti huhitaji biti 10, zikiwemo za kuanzia na kumalizia, na agizo kamili la kupiga noti lina baiti 3, kwa hiyo noti moja huchukua karibu milisekunde 1 kupita. Kwa noti moja hakuna atakayesikia kitu. Lakini maagizo hupita kwa foleni: ukipiga kordi ya noti 6, ya sita huweza kufika karibu milisekunde 5 baada ya ya kwanza, na ikiwa waya huohuo unahudumia mashine tatu huku ukibeba pia mienendo ya filta (chujio la sauti), basi kila kimoja kinamsubiri mwenzake. Ndiyo maana inafaa kila mashine ipewe mlango wake. Ikishindikana, walau mienendo ya filta ifanywe kwa mkono kwenye mashine yenyewe wakati wa kurekodi, badala ya kutumwa kutoka kwenye kompyuta pamoja na noti za ngoma.

Waya wa USB una kasi kubwa zaidi, ila hiyo haina maana kwamba noti zitafika kwa utulivu zaidi. Mfumo wa kompyuta ndio unaoamua lini utume kilichopo, na ukiwa na shughuli nyingine unaweza kukawia kidogo leo na kidogo zaidi kesho. Atari ST, kompyuta iliyotoka mwaka 1985 ikiwa na milango yake yenyewe ya MIDI, iliendelea kupendwa studioni kwa miaka mingi kwa sababu ya uthabiti wake katika kutuma noti, ingawa uwezo wake ni mdogo mno ukilinganishwa na simu yoyote ya leo. Kasi na utulivu ni sifa mbili tofauti. Ikiwa sinthesaiza yako ina milango yote miwili, ijaribu yote miwili na uamini kipimo.

Bafa nayo ina hesabu iliyo wazi: gawanya idadi ya sampuli zake kwa sampuli za sekunde moja. Bafa ya sampuli 512 kwenye 44,100 ni milisekunde 11.6, na hizo ni za upande mmoja tu. Sauti inapoingia na kutoka tena huwa mara mbili. Bafa ya 128 kwenye 48,000 ni milisekunde 2.7. Programu nyingi huufahamu uchelewaji huu na huusahihisha zenyewe baada ya kurekodi, lakini huusahihisha kwa kutegemea taarifa inayotolewa na dereva wa kadi, yaani programu ndogo inayoiunganisha kadi na kompyuta, na taarifa hiyo si lazima iwe sahihi.

Kuna pia sinthesaiza yenyewe, ambayo ina kompyuta ndogo ndani yake yenye kazi ya kusoma maagizo, kuhesabu sauti na kuendesha skrini. Zingine hujibu mara moja, zingine hujikokota, na chombo kilekile huweza kubadilika kinapopigishwa sauti nyingi kwa pamoja.

Pima kwanza

Anza na kadi ya sauti bila sinthesaiza. Chukua waya wa jeki, uchomeke kutoka tundu la kutokea hadi tundu la kuingilia la kadi hiyohiyo, ukiwa umepunguza sauti ya spika ili kusiwe na mlio wa kujirudia. Fungua mradi mpya wa sampuli 48,000 na mapigo 120 kwa dakika. Nimechagua namba hizo kwa makusudi, kwa sababu hapo pigo moja ni sampuli 24,000 kamili na hesabu zote zinakuwa nyepesi. Weka sauti fupi na kali kwenye kila pigo la traki ya kwanza, uipitishe kwenye waya huo, na uirekodi kwenye traki ya pili huku ufuatiliaji wa traki hiyo (kuisikia sauti inayoingia kupitia programu) ukiwa umezimwa. Kisha kuza picha mpaka uone sampuli moja moja, na ulinganishe traki hizo mbili. Zikilingana, programu na dereva wanaelewana. Traki ya pili ikiwa nyuma kwa sampuli 48, una milisekunde 1 ambayo dereva hakuitaja, na programu nyingi zina mahali pa kuiandika. Iandike humo, urudie jaribio, na usiendelee mpaka traki zilingane.

Watumiaji wa Ableton Live wawe waangalifu na hali ya ufuatiliaji. Traki inaporekodiwa huku ufuatiliaji umewashwa, programu huiweka sauti mahali uliposikia, pamoja na uchelewaji wake. Ufuatiliaji ukizimwa, huiwahisha kwa kiasi kinachostahili. Matoleo ya karibuni yana kitufe cha kuamua hilo kwa kila traki. Ukipima kwa hali moja kisha ukarekodi kwa hali nyingine, vipimo vyako havitakusaidia chochote.

Sasa iingize sinthesaiza. Itengenezee sauti ya majaribio inayoanza ghafla: nobu ya Attack, inayoamua sauti ichukue muda gani kufikia nguvu yake, iwe sifuri, filta iwe wazi kabisa, na kama mashine inaruhusu, tumia kelele tupu kama ile ya redio isiyoshika stesheni badala ya noti. Sababu ya kuchagua kelele ni kwamba oskileta za mashine nyingi za analogi, yaani sehemu zinazozalisha wimbi la sauti, huzunguka muda wote bila kungoja kidole, kwa hiyo kila noti huikuta oskileta mahali tofauti. Noti ya mi ya chini ya besi, yenye mitetemo 41 hivi kwa sekunde, huchukua karibu milisekunde 24 kumaliza mzunguko mmoja. Ukiitumia kupimia, wimbi litaonekana limeanza mapema hapa na kuchelewa pale hata kama mashine imejibu kwa wakati uleule kila mara. Kelele haina tatizo hilo.

Tuma noti moja kwa kila pigo, mapigo 32, na urekodi. Halafu soma umbali kati ya mstari wa pigo na mahali wimbi linapoanza, noti baada ya noti, na uandike kwenye karatasi. Tuseme umepata 421, 436, 418, 455, 429 na kuendelea, ndogo kuliko zote ikiwa 412 na kubwa kuliko zote 460. Tofauti kati ya ncha hizo mbili ni sampuli 48, yaani milisekunde 1: huo ndio myumbo, na ni mdogo wa kutosha kusahaulika. Katikati yake ni sampuli 436, sawa na milisekunde 9 na chembe: huo ndio uchelewaji, na ndio utakaoufuta. Kama ungepata namba zinazotanda kutoka 300 hadi 620, myumbo ungekuwa karibu milisekunde 7, na hapo kusogeza traki kungesaidia nusu tu, maana noti zingeendelea kuchezacheza pande zote za mstari.

Kiasi gani kivumiliwe? Kwa kordi ndefu zinazoingia polepole, milisekunde 10 hazimsumbui mtu. Kwa haihati na besi fupi mimi sivumilii myumbo unaozidi milisekunde 2 au 3. Kali kuliko yote ni pale sauti mbili za aina moja zinapopangwa juu ya nyingine, kwa mfano kiki ya kompyuta na kiki ya mashine ya ngoma. Kwenye mitetemo 100 kwa sekunde, kuchelewa kwa milisekunde 5 ni nusu ya mzunguko, na sehemu hiyo ya sauti ya kwanza huifuta ya pili. Msikilizaji hatasema kwamba ngoma imechelewa, atasema haina nguvu. Kwa kazi ya namna hiyo, hata milisekunde 1 inastahili kusahihishwa.

Nani amwongoze nani

Zipo njia kadhaa za kuifanya mashine ifuate mwendo wa wimbo, na uchaguzi wa njia hupunguza myumbo kuliko kifaa chochote cha kununua.

Njia ninayoipendekeza kwanza ni kuandika noti ndani ya programu na kuzituma kwa sinthesaiza, sikwensa ya mashine ikiwa imezimwa. Kila noti inasafiri peke yake, na programu kama Ableton Live na Cubase zina chombo maalumu cha vifaa vya nje ambamo unaandika uchelewaji uliopima, nayo programu inaupangia traki nyingine zote. Hakikisha tu kwamba kinanda cha mashine kimetenganishwa na sauti yake kwa kuzima kile kinachoitwa Local Control kwenye menyu; vinginevyo kila noti unayopiga italia mara mbili, moja kutoka kwenye vidole na nyingine iliyorudi kutoka kwenye kompyuta, na sauti itakuwa na mvumo wa ajabu kama inapita ndani ya bomba.

Njia ya pili ni kuiacha sikwensa ya mashine ipige yenyewe huku ikiongozwa na kloki ya MIDI. Kloki hutuma ishara 24 kwa kila pigo, kwa hiyo kwenye mwendo wa 120 kuna ishara moja takriban kila milisekunde 20.8. Njia hii ina thamani yake, kwa sababu sikwensa za mashine zina namna zao za kuteleza kutoka noti hadi noti na kutia mkazo, ambazo si rahisi kuziiga kutoka nje. Lakini kuna mambo yanayowakwaza wengi.

Ishara ya kuanza huiambia mashine ianze kutoka hatua ya kwanza ya mzunguko wake, haijalishi uko baa ya ngapi. Ukianza kurekodi kutoka baa ya 19, nusu ya mzunguko huweza kuangukia mahali pasipotakiwa. MIDI ina agizo la kueleza mahali wimbo ulipofika, linalohesabiwa kwa robo za pigo, ila si kila mashine inalisikiliza. Usalama ni kuanza kila mara kwenye baa ambayo mzunguko ungeanzia kwa kawaida: kama mzunguko una baa 4, anza baa ya 1, ya 5, ya 9. Tena anza baa kadhaa kabla ya ile unayoihitaji. Mashine nyingi hukisia mwendo kwa kupima nafasi kati ya ishara zinazofika, na hapo mwanzoni bado zinatafuta. Hizo baa za mwanzo ni za kutupwa.

Mwangwi ulio ndani ya mashine na unaofuata kloki ni adui mwingine aliyejificha. Kila ishara inapoyumba kidogo, mashine hurekebisha urefu wa mwangwi, na sauti inayorudi hupanda na kushuka kana kwamba kanda inavutwa. Zima mwangwi huo unaporekodi, uutie baadaye ndani ya programu.

Ukishapima myumbo wa kloki na kuuona unakubalika, usahihishe uchelewaji kwenye kloki yenyewe. Kwenye Ableton Live kila mlango wa MIDI una nafasi ya kuandika milisekunde za kuisogeza kloki, na namba hasi inaruhusiwa, kwa hiyo mashine inayochelewa milisekunde 9 inatumiwa ishara milisekunde 9 mapema. Faida yake ni kwamba unasikia mambo yakiwa sawa tangu wakati wa kupiga, wala hungoji kusogeza traki baadaye. Mashine mbili kwenye milango miwili zitahitaji namba mbili tofauti, maana kila moja ina uchelewaji wake.

Myumbo wa kloki ukikataa kupungua, tumia sauti yenyewe kama kloki. Mashine nyingi ndogo za leo, kama Volca za Korg, zina tundu la milimita 3.5 linalopokea mishtuko mifupi ya umeme, na Volca kwa kawaida hutarajia mishtuko miwili kwa kila pigo. Andaa traki yenye sauti fupi kali kwenye kila nusu ya pigo, uielekeze kwenye tundu la kadi ya sauti ambalo halitumiki, na kutoka hapo waya uende kwenye mashine. Sauti hutoka kwenye kadi kwa mpangilio uleule wa sampuli unaotoa muziki wote, kwa hiyo haiyumbi kama ujumbe wa MIDI unavyoyumba. Pandisha kiwango chake mpaka mashine iishike kila mara bila kuruka, na uhakikishe traki hiyo haifiki kwenye spika wala kwenye hedifoni, kwani ni kali na inaumiza masikio. Kwa maoni yangu hii ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote, na inasikitisha kwamba wenye vifaa hivi wengi hawaijui.

Wenye mashine za kale wakumbuke kwamba mashine ya ngoma Roland TR-808 ya mwaka 1980 na ya besi TB-303 ya 1981 zilitoka kabla ya MIDI. Tundu lao la kuoanisha mwendo lina pini tano na linafanana kabisa na la MIDI, lakini linabeba umeme wa namna nyingine: ishara 24 kwa pigo kwenye waya mmoja na amri ya kuanza au kusimama kwenye mwingine. Kuunganisha moja kwa moja na MIDI hakutafanya kazi. Panahitajika kifaa cha kugeuza katikati. Korg wa zama hizo walitumia ishara 48, kwa hiyo mashine yao ikiongozwa na ya Roland huenda kwa nusu ya mwendo.

Kitu kimoja usikifanye ni kuifanya kompyuta imfuate kiongozi wa nje wakati wa kurekodi. Mradi mzima utayumba pamoja na ishara zinazoingia, na plagini (programu ndogo za ziada) zote zinazotegemea mwendo zitayumba nao. Ikiwa unapenda mashine ziongozane zenyewe kwa zenyewe, na mara nyingi hilo huwa na mdundo mtamu sana, basi ziache ziongozane bila kompyuta kuingilia. Kompyuta iwe chombo cha kurekodi tu, kila mashine kwenye tundu lake. Baadaye tafuta mwendo halisi uliotumika. Pima urefu wa mapigo 64 kwenye sauti iliyorekodiwa. Kwenye sampuli 48,000, mwendo wa 120 kamili ungetoa sampuli 1,536,000. Ukikuta 1,536,400, zidisha 120 kwa 1,536,000 na ugawanye kwa hiyo namba uliyoikuta: unapata 119.969, nao ndio mwendo wa kuandika kwenye mradi. Usidharau tofauti hiyo ndogo. Skrini ya mashine inaweza kusema 120 na ya kompyuta ikasema 120, lakini kila moja ina saa yake ya ndani, na tofauti ya sehemu moja katika elfu kumi hufikia milisekunde 30 kwa wimbo wa dakika 5.

Unapopiga kwa vidole

Anayepiga kinanda kwa mkono ana faida moja ambayo mashine haina: masikio yake husahihisha. Akisikia anachelewa, huwahi. Kwa hiyo jambo la lazima ni kwamba anachokisikia kiwe kweli. Sauti ya sinthesaiza ikipita kwenye kompyuta kabla ya kufika masikioni, mpigaji atasikia noti zake zimechelewa, ataanza kuwahi bila kujijua, na rekodi itatoka ikiwa mbele ya pigo. Washa kitufe cha ufuatiliaji wa moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, ili isikike kabla ya kuingia kwenye bafa, na uzime ufuatiliaji wa programu. Kama kadi haina kitufe hicho, mikisa ndogo inatosha: sinthesaiza na sauti ya kompyuta ziingie humo, na hedifoni zitoke humo.

Kabla ya kurekodi, zima pia plagini nzito zilizowekwa kwenye traki kuu, hasa zile za kusawazisha sauti kwa awamu mnyoofu na zile za kubana sauti zinazotazama mbele, kwa sababu kila moja hukawiza muziki ili ipate muda wa kuhesabu. Na utumie hedifoni badala ya spika zilizo mbali. Sauti hutembea mita 1 kwa karibu milisekunde 3, na mtu aliyekaa mita 3 kutoka kwenye spika ameshapoteza karibu milisekunde 9 hewani.

Metronomu ilie kwa nusu za pigo ikiwa wimbo uko chini ya mapigo 90 kwa dakika, maana nafasi ndefu kati ya milio humwacha mpigaji akikisia. Lakini ukishakuwa na ngoma zilizokamilika, zima metronomu na upige ukisikiliza ngoma. Besi inayoshikana na kiki ni nzuri kuliko besi inayoshikana na metronomu.

Lipo jambo la vidole ambalo halionekani kwenye mpangilio wowote. Vinanda vingi hupima nguvu ya kidole kwa kuhesabu muda kati ya vigusi viwili vilivyo chini ya kitufe, na noti hutumwa pale kigusi cha pili kinapoguswa. Ukibonyeza taratibu, kigusi cha pili hufikiwa baadaye. Ndiyo maana sehemu laini za wimbo huelekea kuchelewa hata kwa mpigaji stadi, na njia ya kuliepuka ni kuanza mwendo wa kidole mapema kidogo kwenye noti laini. Njia nyingine ni kuzima kabisa usikivu wa nguvu kama sauti yenyewe haiuhitaji, jambo ambalo kwa besi nyingi za kielektroniki ni kweli.

Apejieta, sehemu inayopiga noti za kordi moja baada ya nyingine, nayo inadai nidhamu. Kwenye mashine nyingi mzunguko wake huanza papo kidole kinapogusa, hata kama kloki inaiongoza, kwa hiyo kidole kikichelewa noti zote zinazofuata hubaki zimepinda. Tafuta kwenye menyu kama kuna chaguo la kuifanya ingoje pigo. Kama halipo, tuma kordi hiyo kutoka kwenye programu ikiwa imewekwa sawasawa juu ya mstari.

Rekodi MIDI na sauti kwa pamoja kila unapopiga. Sauti ndiyo unayoitaka, na MIDI ni akiba: kama vidole vilikuwa vizuri isipokuwa kwenye baa mbili, sahihisha noti hizo tu, uzirudishe kwa mashine na urekodi tena baa hizo.

Kusogeza na kusahihisha

Baada ya kurekodi, isogeze traki nzima kwa kiasi ulichopima kabla ya kukata chochote. Usisogeze kama chombo cha vifaa vya nje au kloki imeshafanya kazi hiyo, kwani utasahihisha mara mbili. Halafu sikiliza huku umefumba macho au umezima skrini. Sauti inayoingia polepole, yenye Attack ya milisekunde 80 kwa mfano, itakuwa juu ya mstari kwa macho lakini kwa masikio itakuwa nyuma, kwa kuwa sikio linangoja sauti ikomae. Hiyo iwahishe kwa kusikia tu, milisekunde 10 kwanza, halafu 20, mpaka ikae.

Kwa sehemu zilizopigwa kwa mkono sishauri kuzivuta noti zote hadi kwenye mstari. Programu nyingi huruhusu kuvuta kwa asilimia, na asilimia 50 au 60 mara nyingi huondoa makosa na kuacha mkono wa mpigaji. Besi iliyo nyuma ya kiki kwa milisekunde chache, kwa uthabiti uleule wimbo mzima, ni mtindo, iachwe.

Hukumu hizi zote hukazwa mwendo unapoongezeka. Kwenye 120, robo ya pigo ni milisekunde 125, na kosa la milisekunde 10 ni chini ya sehemu moja ya kumi yake. Kwenye singeli ya Dar es Salaam, inayokwenda juu ya mapigo 200 kwa dakika, mambo si hayo tena: kwenye 240 robo ya pigo ni milisekunde 62.5, na kosa lilelile linakuwa karibu sehemu moja ya sita. Atakayetaka kuingiza sinthesaiza halisi kwenye mwendo huo asitegemee kloki ya MIDI. Atumie noti zilizotumwa kutoka kwenye programu kupitia mlango usio na mashine nyingine, au mishtuko ya sauti, na arekodi mashine moja kwa wakati.

Vipimo vyako viandike kwenye daftari: jina la mashine, mlango, aina ya waya, ukubwa wa bafa, sampuli kwa sekunde, uchelewaji wa katikati, na ncha mbili za myumbo. Ukibadilisha bafa, dereva au toleo la mfumo wa kompyuta, namba za zamani hazina thamani mpaka zithibitishwe, na jaribio la mapigo 32 halichukui muda mrefu. Traki ambayo haijasogezwa nayo ihifadhiwe, ikiwa imezimwa chini kabisa ya mradi, kwa sababu siku utakapogundua kwamba dereva alikuwa ameandikiwa namba isiyo sahihi, utahitaji kuanza upya kutoka kwenye sauti ilivyoingia.